Nati za Goma zinataka kipimo

*Barabara za mawe ya lava hulegeza, na mafundi hujibu kwa kukaza kupita kiasi. Kipo kifaa cha kumtoa mwenye gari katika matatizo hayo mawili, na bidoni la maji linatosha kukikagua.*

Katika garaji za kandokando ya barabara mjini Goma, mashariki mwa Kongo, ufungaji wa gurudumu humalizikia mguuni. Fundi huanzisha nati kwa vidole, hushusha jeki, huchomeka spana ndefu, kisha huipanda kwa mguu mmoja na kujibonyeza mara mbili tatu. Nati ikitoa kilio, kazi imekwisha. Mwenye gari naye huondoka na moyo mtulivu, akiamini gurudumu halitamtoka njiani akielekea mji wa Sake.

Tupige hesabu ya kilio kile. Mtu wa kilo 60 akisimama kwenye ncha ya spana ya sentimita 60, nati hupata nguvu ya kukaza inayokaribia nyutoni-mita 350. Kwa magari madogo mengi ya Toyota, Probox na RAV4 zikiwamo, kitabu cha mtengenezaji kinataka 103. Fundi amezidisha zaidi ya mara tatu, na hapo hatujahesabu kule kujibonyeza.

Stadi, chuma chenye meno ambacho nati hufungwa juu yake, haikatiki siku hiyo, na hapo ndipo penye shida. Chuma huvutika, huchoka, kisha hubaki mahali pake kikionekana kizima. Hukatika wiki au miezi baadaye, mara nyingi mikononi mwa mtu mwingine: dereva aliyepasukiwa na tairi jioni, mvua inanyesha, na spana yake fupi haiwezi kufungua kilichofungwa kwa uzito wa mwili. Akilazimisha, anabaki na nati yenye kipande cha stadi ndani yake.

Yupo pia anayeogopa kukata stadi, naye hukaza nusunusu. Hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa gurudumu lililolegea hucheza, hukwangua rimu, hukata stadi moja baada ya nyingine, na mwishowe huchomoka gari likiwa mwendoni.

Mji uliokaa juu ya lava

Goma haina barabara za kubembeleza gari. Nyiragongo, mlima wa moto ulio takriban kilomita 20 kaskazini, ulimwaga lava hadi katikati ya mji na kuingia Ziwa Kivu Januari 2002. Tarehe 22 Mei 2021 ulilipuka tena, lava ikaikata barabara ya Rutshuru na kusimama kwenye viunga vya kaskazini. Watu wamejenga upya juu ya mwamba uleule. Ukiacha njia kuu zenye lami, mitaa mingi ni mawe meusi yenye makali, mashimo, na vumbi jeusi linaloingia kila penye upenyo.

Mtikisiko wa namna hiyo ndio adui halisi wa nati. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba nati hulegezwa zaidi na mtikisiko wa pembeni, pale vipande viwili vilivyobanwa vinapoteleza kidogo kidogo kimoja juu ya kingine, kuliko na mvuto wa moja kwa moja. Gari linalopita juu ya mawe ya mitaa ya Ndosho au Mugunga halina mtikisiko mwingine ila huo.

Vumbi nalo lina kazi yake. Likikaa kati ya rimu na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake, nati inaweza kukazwa vizuri asubuhi; gari likitembea, vumbi husagika na kupungua, mbano hulegea, wala hakuna aliyeigusa nati.

Magari yenyewe mengi ni mitumba ya Kijapani, mengine yakiwa na usukani wa kulia katika nchi ambako magari huendeshwa upande wa kulia. Yamefika yakiwa yameshafunguliwa na kufungwa na mikono isiyohesabika. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, fedha taslimu zimekuwa ngumu kupatikana, na kumlipa fundi kwa kila kazi ndogo kumekuwa mzigo mzito zaidi. Kubadilisha tairi, plagi au mafuta ya injini ndani ya parsela, yaani kiwanja chako mwenyewe, ni jambo la maana. Lakini anayejifanyia kazi nyumbani hana miaka 20 ya mkono wa fundi. Anahitaji kitu cha kumwambia aache kukaza.

Nguvu huishia wapi

Stadi iliyokazwa sawasawa huvutika kidogo mno, kama mpira wa kufungia mzigo nyuma ya pikipiki: kule kutaka kurudi ndiko kunakobana. Nati ya milimita 12 ikikazwa kwa 103, meno yakiwa makavu na safi, hubana rimu kwa takriban tani 4. Probox ina nati nne kwa kila gurudumu, kwa hiyo rimu imebanwa kwenye habu kwa tani 16 au zaidi. Msuguano unaotokana na mbano huo ndio unaobeba gari, breki na mashimo. Stadi haikuundwa kubeba gari kwa ubavu wake.

Ukizidisha, stadi huvutika kupita mahali pa kurudi, na haitabana tena kama mwanzo hata ukikaza upya. Nati zikipishana sana kwa nguvu, huweza pia kupinda kitako cha diski ya breki. Dereva husikia usukani ukitetemeka kila akikanyaga breki, akanunua pedi mpya, na tatizo likabaki palepale.

Sehemu kubwa ya nguvu tunayoitia haifiki kwenye stadi. Kwa makadirio ya wahandisi, karibu nusu yake huishia katika msuguano wa nati na rimu, asilimia 40 hivi katika meno, na takriban asilimia 10 tu ndiyo inayovuta stadi. Hii ndiyo sababu grisi ni jambo la kuogopa hapa. Ukiipaka kwenye meno ya stadi, msuguano hupungua, na 103 ileile huivuta stadi kupita ilivyokusudiwa. Meno yakijaa kutu na vumbi la lava, mambo hugeuka: kifaa kitasoma 103 huku rimu ikiwa haijabanwa inavyotakiwa.

> Brashi ya waya ya kusafisha meno ya stadi na uso wa habu ina thamani sawa na spana yenyewe. Bila brashi, kipimo kinadanganya.

Mkono wa fundi na namba ya kitabu

Mafundi waliokaa sana kazini hawaipokei hoja hii kwa urahisi, na wana sababu zao.

Wanasema mkono uliofunga maelfu ya nati unajua. Wanasema namba za kitabu ziliandikwa kwa ajili ya gari jipya na barabara ya lami, si kwa stadi ya mtumba yenye kutu. Na wanasema jambo ambalo mtu wa nje halioni haraka: gurudumu likichomoka, fundi atatafutwa hadi kwake; stadi ikikatika miezi mitatu baadaye kwingine, hakuna atakayemkumbuka. Kwa fundi, kukaza kupita kiasi ni kujikinga.

Hoja ya kwanza ina ukweli mwingi. Mkono mzuri huhisi nati inayokula meno kabla kifaa chochote hakijasema, na mwenye gari anayejifunza nyumbani atahitaji miaka kuupata ujuzi huo. Hakuna spana itakayochukua nafasi yake katika kufungua nati iliyoganda au kutambua stadi iliyokwisha.

Lakini mkono huo umezoea spana yake, yenye urefu wake. Mpe spana ndefu zaidi, au mpe gari jingine, hesabu inavurugika. Land Cruiser yenye rimu za chuma na nati tano hutajwa katika kitabu kwa 209, mara mbili ya Probox. Fundi mmoja huweza kuyafunga yote mawili asubuhi moja kwa mguu uleule. Na mguu, tofauti na mkono, hauhisi chochote.

Mashine ya hewa haiponyi tatizo hili. Ni haraka kufungulia, lakini ikitumika kufungia hadi mwisho, nguvu yake hupanda na kushuka kwa hewa iliyobaki kwenye kompresa. Zipo fimbo maalumu za kuchomeka kwenye mashine hiyo ambazo hujipinda ili kupunguza nguvu. Hizo nazo hukisia tu, na kazi ya mwisho bado inabaki kwa spana ya mkono.

Kifaa cha kupima nguvu ya kukaza kina zaidi ya miaka 100. Anayetajwa kuwa mbunifu wake ni Conrad Bahr, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya maji ya jiji la New York mwaka 1918. Alitaka kuwazuia mafundi wasikaze kupita kiasi bolti za mabomba yaliyo chini ya ardhi. Mafundi wale nao walikuwa na nguvu na uzoefu, na bolti zilikuwa zikikatika.

Sindano, mlio au betri

Mafundi wenye Kifaransa cha shule huiita spana hii ya kipimo kle dinamometriki. Aina zake zinazofaa nyumbani ni tatu.

Ya sindano ndiyo ya zamani na nyepesi kueleweka. Ni nondo inayopinda unapokaza, pembeni yake pana sindano iliyosimama, na ncha yake husoma namba kwenye kibao. Haina springi wala kitu cha kuchoka. Ikianguka na sindano ikatoka kwenye sifuri, unaikunja irudi sifuri na unaendelea. Ubaya wake ni kwamba lazima uitazame usoni moja kwa moja, na ukiwa umelala chini ya gari hilo haliwezekani.

Ya mlio ndiyo inayopendwa. Unazungusha mpini hadi namba unayotaka, unakaza polepole, ikifika hutoa mlio na mkono unahisi imelegea kidogo. Hapo unaacha. Wengi huendelea kuvuta wasikie mlio wa pili na wa tatu, na kwa kufanya hivyo wanaipita namba waliyoiweka. Ndani yake mna springi, na springi ikiachwa imebanwa mwaka mzima kwenye sanduku huchoka. Ukimaliza kazi, irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa. Usiitumie kufungulia hata siku moja.

Ya betri ina skrini na king'ora, nayo husoma vizuri. Inahitaji betri nzuri na mikono isiyo na mafuta. Kwa parsela ya Goma naiweka ya tatu.

Kabla ya kulipa, tazama mambo mawili. Kwanza, kizio. Spana nyingi huonyesha nyutoni-mita upande mmoja na futi-pauni upande wa pili. Toyota ile ya 103 ni futi-pauni 76. Anayeweka 103 upande wa futi-pauni amekaza kwa nyutoni-mita 140 bila kujua. Pili, kiwango. Spana ya mlio huaminika kuanzia asilimia 20 ya namba yake ya juu kwenda mbele. Ile ya nusu inchi inayouzwa sana, ya 28 hadi 210, inafaa kwa magurudumu ya gari dogo. Kwa plagi haifai kabisa, na kwa Land Cruiser ya rimu za chuma iko ukingoni mwa uwezo wake. Mwenye gari hilo atafute inayofika 300 au zaidi.

Kiwango cha kimataifa cha vifaa hivi, ISO 6789, huruhusu kosa la asilimia 4 kwa zile za ukubwa huu, na hutaka zikaguliwe kila baada ya mwaka mmoja au matumizi 5,000. Mtu wa nyumbani hafiki 5,000. Mwaka, hata hivyo, hupita haraka, na spana ya bei nafuu huweza kuwa imekosea tangu siku ya kwanza.

Bidoni la njano

Mafundi huuliza swali la haki: nani ataikagua? Jibu liko katika kila nyumba ya Goma.

Bidoni la njano la lita 20, lile linalobebwa kutoka ziwani kila asubuhi, likijazwa lita 20 kamili huwa na kilo 20 za maji. Bidoni lenyewe tupu lina uzito wa kilo moja hivi. Jumla ni kilo 21. Litundike sentimita 50 kutoka katikati ya kichwa cha spana iliyolala sambamba na ardhi, na 21 mara 50 ni 1,050.

Namba hiyo imo katika vitabu vya Toyota vya zamani. Kabla nyutoni-mita hazijazoeleka, Wajapani waliandika nguvu ya nati za magurudumu kwa kilo-sentimita: 1,050. Ile 103 inayoshangaza kwa kutokuwa namba ya mviringo ni 1,050 hiyo iliyogeuzwa kizio. Kwa bahati nzuri kabisa, bidoni la maji likining'inia nusu mita ndicho kipimo cha nati ya Probox.

> Lita 20 za maji, bidoni la kilo moja, nusu mita ya spana: nyutoni-mita 103.

Ukaguzi wenyewe hufanyika hivi. Bana kichwa cha spana ya mlio kwenye jiriwa, mpini ulale sawa na ardhi. Iweke kwenye 103. Pima kwa tepu sentimita 50 kutoka katikati ya kichwa. Mpini ukiwa mfupi, pima hadi katikati ya mahali pa kushika na upige hesabu upya: kilo 21 mara 9.81 mara umbali kwa mita. Kwa sentimita 45 utapata karibu 93, basi weka spana kwenye 93. Tundika bidoni kwa kamba na uliachilie taratibu. Ikitoa mlio, iongeze namba kidogo hadi inyamaze. Isipotoa, ipunguze hadi ilie. Tofauti kati ya namba hiyo na hesabu yako ndiyo kosa la spana. Litundike mahali palepale pa kushika, kwa kuwa nyingi za mlio hubadilika ukivuta kutoka kwingine.

Aliye na shaka na uzito wa bidoni lake alipeleke kwenye mizani ya duka la nyama. Kilo moja ikipungua au kuzidi, hesabu hukosea kwa asilimia 5.

Asiye na spana ya kipimo hata moja anaweza kulitumia bidoni lenyewe. Kaza nati kwa spana ya kawaida hadi zishike, shusha gari tairi iguse chini, laza spana sambamba na ardhi, tundika bidoni sentimita 50 na uliache lishuke pole pole bila kulidondosha. Nati ikikoma kuzunguka spana ikiwa imelala, imefika. Ikizunguka hadi spana iiname, irudishe juu na urudie. Ni kazi ya polepole, na nati nne za gurudumu moja zitakuchukua muda, lakini ni bora mara nyingi kuliko mguu. Uzito wa spana nao huongeza nyutoni-mita mbili tatu. Gurudumu halitalijua hilo.

Funga kwa kuvuka, nati moja kisha inayoitazama, raundi mbili au tatu. Baada ya kilomita 80 hadi 100 kagua tena. Hiyo ni kama kwenda Sake na kurudi mara mbili. Kwa barabara hizi nisingeruka ukaguzi huo hata kwa gurudumu lililofungwa na fundi bora wa mji.

Plagi, mafuta na silinda hedi

Plagi huingia kwenye silinda hedi ya aluminiamu, na meno ya aluminiamu yakiliwa gharama yake huzidi bei ya kifaa chochote kilichotajwa hapa. Kitabu hutaka 18 hadi 25, kutegemea injini. Ikiwa huna spana ndogo, plagi mpya yenye washa hukazwa kwa vidole hadi ikae, kisha nusu ya mzunguko au theluthi mbili kwa spana. Basi. Plagi iliyowahi kutumika huhitaji kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kwa kuwa washa yake imeshabanwa.

Bolti ya kumwagia mafuta ya injini kwa magari mengi madogo ni kati ya 30 na 40. Ikivuja, badilisha washa. Kuikaza zaidi hakuzibi.

Bolti za silinda hedi ni habari nyingine. Injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika Probox ya 1,500, hukazwa kwanza kwa 29, kisha kila bolti huzungushwa nyuzi 90, na tena 90, kwa mpangilio maalumu kuanzia katikati. Hiyo siyo kazi ya parsela kwa anayeanza. Lakini mwenye gari anayezijua namba hizo anaweza kumuuliza fundi swali moja kabla ya kazi: utatumia nini kupima? Fundi anayeonyesha mguu, au bomba la kurefushia spana, bado hajajiandaa kuifunga injini hiyo.

Kimoja kwa wengi

Spana ya kipimo hufanya kazi dakika chache kwa mwezi katika nyumba yenye gari moja. Kwa hiyo sioni sababu kila mtu anunue yake. Goma ina likelemba, vikundi vya kuchangiana fedha, za kila aina, za wauza samaki, za walimu, za madereva. Madereva sita wa teksi wakiweka fedha pamoja wanapata ya mlio iliyo nzuri, soketi ya 21 inayoingia nati nyingi za Toyota, brashi ya waya, na sanduku la kuvitunzia.

Kitakachohitaji makubaliano ni utunzaji. Mmoja awe mlinzi wa sanduku. Anayeazima aandike daftarini siku na gari. Ikianguka aseme, ikatundikwe bidoni kabla haijagusa nati nyingine. Ikirudi, mlinzi atazame mpini kwanza: kama bado uko kwenye 103, aushushe hadi 28 palepale, kisha ndipo afunge sanduku.